Kenta Imegoma Kuvuka Mbuga

Lukresia: Haloo! Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

Benedikta: Mwangaluka, wifi. Ni mimi.

Lukresia: Mimi nani? Kila anayepiga ni mimi. Taja jina, napepeta choroko hapa na upepo ndiyo kwanza umeanza—

Benedikta: Benedikta.

Lukresia: Benedikta wa wapi?

Benedikta: Lukresia, jamani. Unao wangapi? Dada yake Ndaki. Wifi yako.

Lukresia: Mwangaluka. Nani amekufa?

Benedikta: Hajafa mtu.

Lukresia: Basi umekosea namba. Simu zako huingia kwa kaka yako. Kwangu zinaingia za misiba tu.

Benedikta: Kaka yangu hapokei. Jana nimempigia mara nne, kimya. Ya tano akapokea, akasema, "Una mume, kaa kwa mumeo," akakata. Sikumaliza hata salamu.

Lukresia: Na leo hujampigia?

Benedikta: Leo sina simu. Masalu ameondoka nayo asubuhi, kaenda nayo Maswa. Hii ni ya dereva wa Kenta, amesimama hapa ananikodolea macho kama nimemwibia.

Lukresia: Kenta? Kenta ya nini?

Benedikta: Nahama.

Lukresia: Mnahama? Mnaenda wapi wakati huu wa kulima?

Benedikta: Nimesema nahama. Sijasema tunahama.

Lukresia: Mtandao unakwaruza. Rudia.

Benedikta: Umesikia vizuri. Nimepanga chumba Bariadi mjini, Somanda, kwa mwenzangu mmoja wa kwaya. Nahama leo, Masalu akiwa Maswa. Atarudi saa tisa, akichelewa sana saa kumi.

Lukresia: Yesu na Maria.

Benedikta: Sasa nisikilize haraka, vocha ni ya watu. Kenta nimeikodi tangu juzi. Tukapatana na huyu kijana, Method, kwamba anafika mpaka mlangoni kwangu, tunapakia, tunaondoka. Leo kafika barabara kubwa, kaitazama mbuga, kazima gari. Eti mvua ya jana imelowesha udongo, tairi zikiingia hazitoki mpaka Krismasi.

Lukresia: Na kweli hazitoki.

Benedikta: Najua hazitoki! Lakini juzi alipopokea hela ya mafuta hakujua kwamba huku kuna udongo mweusi? Yeye alidhani tunakaa juu ya lami? [kwa dereva] Ndiyo, wewe! Nakusema wewe, sikusengenyi!

Lukresia: Anasemaje?

Benedikta: Anasema azunguke njia ya juu, nimlipe mara mbili. Mara mbili nitaitoa wapi, nikamue kuku?

Lukresia: Si kuna Paschal hapo kijijini kwenu, ana toyo? Toyo ni rahisi, pikipiki ya matairi matatu tu, membamba, yanapita popote.

Benedikta: Nilianza na Paschal, wifi. Wiki nzima niko na Paschal. Kasema sawa, kaniuliza mzigo mkubwa kiasi gani, bei tukaelewana kama ndugu. Halafu kaniuliza unakwenda wapi. Nilipotaja mjini, akakuna kichwa. "Mzee Masalu anajua?" Basi. Tangu siku hiyo toyo ni bovu. Bovu! Na linapita mlangoni kwangu kila siku limejaa matofali!

Lukresia: Anamwogopa shemeji.

Benedikta: Nani hamwogopi? Bodaboda nao vilevile. Mmoja tu alikubali, akasema cherehani tulifungue vipande vipande, safari sita kwenda na kurudi. Safari sita kijiji kizima kikitazama! Si bora nipige ngoma nitangaze?

Lukresia: Basi liache hilo cherehani. Beba nguo, panda gari, nenda.

Benedikta: Nikale nini mjini? Cherehani ndilo shamba langu. Pamba yote anauza yeye, mpunga anauza yeye, sare za shule ninazoshona ndizo zangu. Nimelifunga mwenyewe, nimelitoa nje mwenyewe, kwa mkono mmoja.

Lukresia: Kwa nini mmoja?

Benedikta: Niliteleza.

Lukresia: Wapi?

Benedikta: Jikoni.

Lukresia: Mkono gani?

Benedikta: Wa kushoto.

Lukresia: Mimi niliteleza wa kulia. Haya, endelea. Hukunipigia kunihesabia magari.

Benedikta: Nataka mkokoteni.

Lukresia: Nilijua.

Benedikta: Funga maksai, uje mpaka kwangu, ni saa moja na nusu tu. Tupakie, univushe mbuga mpaka barabarani. Basi, kazi yako imeisha. Kenta itanisubiri mpaka saa nane, zaidi ya hapo kasema hakai.

Lukresia: Yaya. Hapana.

Benedikta: Wifi—

Lukresia: Nimesema hapana. Ndaki kaenda mnadani asubuhi, kaniachia maneno: "Mkokoteni usitoke hapa hata akija padre." Kumbe habari zako alishazisikia, akajua ukimkosa yeye utanitafuta mimi. Kang'oa na pini ya gurudumu, katia mfukoni, kaondoka nayo.

Benedikta: Kang'oa pini?

Lukresia: Mbele ya macho yangu.

Benedikta: Ndugu yangu wa tumbo moja! Nimembeba mgongoni huyo! Kamasi zake nimefuta kwa kanga yangu!

Lukresia: Usinipigie mimi kelele. Mpigie yeye.

Benedikta: Hapokei!

Lukresia: Anaogopa, ndiyo maana hapokei. Ukitoka kwa Masalu, Masalu atakuja hapa kudai ng'ombe wake. Utabisha? Humjui? Na keshokutwa tunaanza kulima pamba. Hawa maksai wakifunguliwa kwenye nira wakaswagwa kwenda kwa Masalu, mimi nitalimia nini? Kucha zangu?

Benedikta: Ng'ombe wa nani hao?

Lukresia: Usianze, Benedikta.

Benedikta: Naanza! Ng'ombe kumi na wanane walitolewa na ukoo wa Masalu kwa ajili yangu. Kumi na wawili wakapitiliza kwa baba yako, kukuleta wewe kwa Ndaki. Hata majani ya kwetu hawakuyaonja vizuri. Sita wakabaki, wakazaa, wakazaa tena. Huyo Kasheshe na huyo Waziri mnaowafunga kwenye mkokoteni ni vitukuu vya ng'ombe wangu! Mimi ndiye niliyewaleta hapo, kwa mwili wangu. Leo nataka wanibebee godoro, naambiwa pini iko mfukoni!

Lukresia: Umemaliza?

Benedikta: Sijamaliza!

Lukresia: Basi maliza, mimi naendelea kupepeta.

Benedikta: Kama ni hela, nitalipa. Mwambie Ndaki nitamlipa kama wanavyomlipa watu wengine, kwa safari—

Lukresia: Unilipe? Mimi ni toyo?

Benedikta: Sikusema wewe, nimesema—

Lukresia: Unanipigia mara ya kwanza tangu nimeolewa pasipo msiba, hujaniuliza watoto wangu wazima, hujaniuliza mimi nimeamkaje, unaniambia utanilipa! Haya, ngoja na mimi nikuulize. Mara ya mwisho mkokoteni huu kubeba godoro la mwanamke ilikuwa lini?

Benedikta: Sasa hayo yametoka wapi?

Lukresia: Unakumbuka au nikukumbushe?

Benedikta: Lukresia, dereva anasikia—

Lukresia: Na asikie! Muwekee sauti kubwa! Nilikuwa na chumba changu pale senta ya Sapiwi. Kimoja tu, mlango wa bati. Nanunua dagaa kutoka Kalemela, nauza kwa vikopo. Mwanangu Josia nimembeba mgongoni. Wiki tatu, Benedikta. Wiki tatu nililala usingizi wa mtu mzima, bila kutega sikio mlangoni. Asubuhi moja nasikia magurudumu. Nikasema leo wamekuja kuniua. Nafungua mlango, ni wewe, na kitenge chako cha kina mama wa kanisa.

Benedikta: Nilikuja kwa amani.

Lukresia: Ulikuja na kamba! Godoro langu ulilifunga wewe kwa mikono yako, ukalikanyaga kwa mguu ili fundo likaze. Ndoo zangu za dagaa ukazigawa kwa majirani kana kwamba mimi nimekufa. Watu wamejaa pale nje. Ukaniambia nini?

Benedikta: Zamani hiyo. Sikumbuki.

Lukresia: Unakumbuka.

Benedikta: [kwa sauti ndogo] Nilisema ndoa ni kuvumiliana.

Lukresia: Hilo la mbele za watu. Njiani, tulipobaki wawili juu ya mkokoteni, ukaniambia nini? Sema. Vocha ya watu inaisha.

Benedikta: Wifi—

Lukresia: Sema!

Benedikta: Nilisema... nilisema ng'ombe wangu hawakwenda kwenu kutembea.

Lukresia: "Ng'ombe wangu hawakwenda kwenu kutembea." Miaka kumi na moja nalala na neno hilo. Ndaki nilishazoea mikono yake, ana mikono miwili tu. Lakini lile neno lako halikuniacha hata nikiwa nachota maji.

Benedikta: Nilikuwa na hasira. Niliona kama—

Lukresia: Uliniona kama mkopo! [mkwaruzo] —unanisikia? Benedikta!

Benedikta: Nasikia, inakatika na kurudi.

Lukresia: Josia wangu ana miaka kumi na mitatu. Elina ana saba. Umewahi kuniuliza hapo katikati palipita nini? Mimi nakuuliza. Mwanamke na mwanamke. Umewahi kuniuliza?

Benedikta: Sikukuuliza.

Lukresia: Kwa nini?

Benedikta: Kwa sababu nilijua. Nilipita kwenu mwezi ule uliofuata. Nikaona kanga zako zimeanikwa, zote kwa pamoja, siku ambayo si ya kufua. Nikakuona unavyotembea, umeshika ukuta, na tumbo ulilorudi nalo kwenye mkokoteni halipo. Ukaniambia una malaria. Nikasema pole. Nilijua, Lukresia. Nikarudi nyumbani, nikapika ugali, nikala.

Lukresia: Ukala.

Benedikta: Nilikula.

Lukresia: [kimya kirefu, upepo kwenye simu]

Benedikta: Haloo? Lukresia?

Lukresia: Nyamaza kidogo.

Benedikta: Vocha—

Lukresia: Nyamaza, nimesema! Ulijua. Miaka yote nilikuwa nikisema, labda hakujua. Usiku nikishikwa na hasira najiambia, Lukresia, usimchukie mtu kwa asichokijua. Kumbe nilikuwa nakutetea. Mbele ya Mungu nilikuwa nakutetea! Bhebhe! Wewe ni mtu gani?

Benedikta: Sijui.

Lukresia: Hujui!

Benedikta: Sijui nilikuwa mtu gani. Nilidhani nikikaza kwako, kwangu hakutalegea. Nilidhani mwanamke anayekaa ndiye mwenye akili. Sasa unacheka?

Lukresia: Sicheki.

Benedikta: [kwa dereva] Dakika mbili! Ndiyo, nimeona mawingu, mimi si kipofu! [kwa Lukresia] Basi, wifi. Sikiliza. Usije.

Lukresia: Umesemaje?

Benedikta: Nimesema usije. Nimekosea kupiga. Ndaki akirudi akute mkokoteni umetoka, mimi nitakuwa Somanda nimelala, wewe ndiye utakayekuwa mlangoni unamsubiri. Sikulifikiria hilo. Nilifikiria cherehani tu. Litabaki. Nitarudi mara moja nichukue mfuko wa nguo, nije nipande hii Kenta, niende. Kaa nyumbani, pepeta choroko zako.

Lukresia: Wewe ni nani wa kuniambia nisije?

Benedikta: Nakuambia kwa—

Lukresia: Uliniambia nirudi, nikarudi! Nikapanda mkokoteni kama gunia! Leo unaniambia nikae, nikae? Nje, ndani, njoo, usije, miaka yote unanipanga kama sufuria kwenye kichanja! Yaya! Leo hunipangii!

Benedikta: Sikupangii, nakuhurumia!

Lukresia: Huruma yako kaitolee sadaka! Mzigo una uzito gani?

Benedikta: Nini?

Lukresia: Mzigo! Nimekuuliza mzigo! Waziri ana kidonda begani, nataka kujua kama ataweza.

Benedikta: Wifi, usije kwa hasira—

Lukresia: Nitakuja kwa nini kingine? Ninayo hiyo tu! Taja mzigo!

Benedikta: Cherehani na miguu yake. Meza ya kukatia. Godoro. Sanduku la vitambaa. Mpunga nusu gunia. Sufuria na ndoo.

Lukresia: Kitanda?

Benedikta: Nimemwachia.

Lukresia: Vizuri. Akilalie peke yake. Kabati?

Benedikta: Alinunua yeye. Sitaki kitu chake hata kijiko.

Lukresia: Basi si mzigo mkubwa. Wanauweza. [vishindo] Ngoja, naweka ungo chini. Ngoja hapohapo.

Benedikta: Lukresia, na pini? Gurudumu litachomoka njiani.

Lukresia: Kuna kipande cha nondo kilibaki tulipojenga choo. [mlio wa chuma kikipigwa] Kinaingia. Kinakaza, lakini kinaingia. [mlio] Yeye anadhani mkokoteni ni wake kwa sababu anajua pini yake. Nani anaupaka grisi? Nani anawapeleka hawa lamboni kila siku? Kasheshe akimwona Ndaki anatikisa pembe. Akiniona mimi anakuja mwenyewe.

Benedikta: Atakuuliza.

Lukresia: Aniulize. Nitamjibu kwa mdomo wangu: nimemhamisha dada yako, ng'ombe ni wa kwake. Kesho Jumapili watapumzika, keshokutwa watalima. Masalu akija kudai, mkae wanaume mdaiane huko kwenye vikao vyenu.

Benedikta: Na akinyanyua mkono?

Lukresia: [mlio wa chuma unakoma]

Benedikta: Lukresia. Akinyanyua mkono?

Lukresia: Hicho chumba chako kina ukubwa gani?

Benedikta: Kinaingia magodoro mawili. Matatu, nikiiweka meza nje.

Lukresia: Sikusema kitu. Nimeuliza tu.

Benedikta: Na mimi nimejibu tu.

Lukresia: Haya. Sasa huyo dereva wako. Mwambie aende zake.

Benedikta: Aende? Na mimi nitafikaje mjini?

Lukresia: Nakupeleka mpaka mjini.

Benedikta: Kwa ng'ombe? Mpaka Somanda? Si tutafika jioni?

Lukresia: Tufike jioni, tufike usiku, nauli ni moja: nyasi. Hela uliyobakiza si utalipia mwezi wa pili? Halafu fikiri, Benedikta. Upakie cherehani juu ya Kenta, upite nalo barabara kubwa mchana kweupe, na Masalu anarudi kwa barabara hiyohiyo! Mtapishana naye mkono kwa mkono! Mimi sipiti barabarani. Nakata nyuma ya lambo, nafuata njia ya ng'ombe mpaka mtoni, tunatokea upande wa pili wa mji. Njia hiyo pikipiki haiingii. Nani atashangaa mwanamke na mkokoteni? Watasema anapeleka mbegu.

Benedikta: Sikuliwaza hilo la barabara.

Lukresia: Ungewaza saa ngapi, ulikuwa unagombana na dereva.

Benedikta: Na hela ya mafuta niliyompa?

Lukresia: Mwachie. Ametuazima simu.

Benedikta: [kwa dereva] Method! Njoo. Njoo bwana, nimeacha kukutukana. [kimya] Hapana, siendi tena. Ya mafuta baki nayo. [kwa Lukresia] Anauliza kama nina uhakika.

Lukresia: Mwambie unao.

Benedikta: Wifi...

Lukresia: Na kitu kimoja uelewe, kabla hujakata. Mimi sijakusamehe.

Benedikta: Najua.

Lukresia: Nakuja kubeba mzigo. Siji kukusamehe. Tukiwa njiani usinishike bega, usinililie, usiniimbie nyimbo za kwaya. Ukilia nakushusha.

Benedikta: Sijakuomba unisamehe.

Lukresia: Hujaniomba! Unaona? Hata hilo hujaniomba!

Benedikta: Nisamehe, Lukresia.

Lukresia: Usiniombe kwa simu ya watu! Mtu ana safari zake!

Benedikta: Sasa nifanyeje? Nisipoomba kosa, nikiomba kosa!

Lukresia: Utaniomba huko njiani, polepole, kutoka kwenu mpaka Bariadi. Saa tano nzima. Na kila ukimaliza nitakwambia anza upya.

Benedikta: Nitaanza.

Lukresia: Haya. Rudi nyumbani sasa, vitu vifunike, mvua inakuja kutoka upande wa Maswa. Funga mlango wa nyumba, ufunguo usiondoke nao, asije akasema umeiba. Na usikae pale nje unatazama njia kama mtu anayesubiri. Chukua jembe, jifanye unapalilia.

Benedikta: Kwa mkono mmoja?

Lukresia: Kwa mkono mmoja! Nani atakuhesabia? Haya, nenda, natoa hawa. Kasheshe! Kasheshe, ingia! Waziri, geuka, geuka huko—

Benedikta: Wifi, asant—

Lukresia: Bado! Nimekwambia njiani! Nenda!

[mkwaruzo, simu inabadilishwa mkono]

Method: Haloo? Mama? Amenirudishia simu.

Lukresia: Wewe ndiye dereva?

Method: Ndiyo, mama. Shikamoo.

Lukresia: Marahaba. Yuko wapi?

Method: Ameshaondoka. Kavua viatu kavishika mkononi, kakata mbugani hivyo hivyo.

Lukresia: Analia?

Method: Hapana. Kanga kaifunga kiunoni, anakwenda. Mama, mimi sikukataa kwa ubaya. Gari ni ya bosi, ikizama pale—

Lukresia: Najua. Nisikilize. Kuna mtu huenda ukapishana naye barabarani akitoka Maswa, pikipiki nyekundu, koti la mvua la kijani, mwili mkubwa. Akisimama akuulize—

Method: Sijaona mtu, mama.

Lukresia: Akuulize gari la mjini linafanya nini huku.

Method: Nimeleta mbegu za pamba. Nimeshusha, narudi tupu.

Lukresia: Hewaa. Na asipokuuliza?

Method: Sitamsalimia hata. Mama, mvua imeanza huku, matone makubwa. Na salio langu ndiyo hilo linaniambia—

Lukresia: Washa gari, uondoke. Usimame hapo unatafuta nini? Nenda salama, mwanangu. Waziri! Waziri, songa! Songa tuende!

[simu imekatika]